Mstari wa Mkono Mwingine

Mkono wa mtu una mwendo wake, kama miguu. Evarista alilijua hilo hata kabla ya kufundishwa. Mistari yake mwenyewe ilianza kwa nguvu na kuishia kwa kupepesuka, maana kila alipochora, Piusi alikuwa mapajani akimvuta kiwiko. Kwa hiyo asubuhi ile alipofungua daftari kutafuta ua la kutarizi kwenye foronya, akakuta kwenye mchoro wake mstari mmoja mnene, uliotulia, wenye kikulabu kidogo mwishoni, hakuhitaji kuambiwa kwamba haukuwa wake.

Mstari ule ulikuwa umeongezwa kwenye chapa ya mzee Senteu. Na ng'ombe wa mzee Senteu walikuwa wameibiwa siku nne zilizopita.

Habari ilishuka Karatu kutoka Nainokanoka pamoja na lori la viazi. Mitamba wawili na dume mmoja mweusi wametolewa bomani usiku wa kuamkia Jumapili, nyayo zao zimeteremka msituni mpaka barabara kuu, hapo zikaishia kama zimelambwa. Wa juu wakasema ng'ombe wako Karatu. Karatu wakasema waulizwe wa bondeni. Ulikuwa mwaka wa themanini na moja, sabuni inapangiwa foleni tangu alfajiri, na mtu akionekana na kipande cha nyama siku isiyo ya mnada anaulizwa amekitoa wapi. Na kila aliyekuwa na la kusema alimalizia kwa lile lile: mwizi wa siku hizi hachinji, anabadilisha chapa. Anaongeza mstari mmoja kwa chuma cha moto, anasubiri kidonda kipone, kisha anamuuza ng'ombe mchana kweupe. Na chuma cha chapa hakioti shambani. Kinafuliwa na mhunzi.

Mume wa Evarista, Valeriani, alikuwa mhunzi.

Aliketi na daftari lile mapajani kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa na watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa bado hajaota meno ya juu.

Daftari lenyewe alipewa shuleni, kwenye kisomo cha jioni cha watu wazima, akiwa na mimba ya Piusi. Mwalimu Bartolomeo alikuwa akining'iniza karabai kwenye msumari wa ubao, anawafundisha kusoma, hesabu, na Alhamisi kuchora, kwa sababu alisema mkono unaochora hauogopi kuandika. "Msichore ng'ombe mnayemjua," aliwaambia. "Mchoreni aliyesimama mbele yenu." Wenzake walichoka mapema. Evarista alinaswa. Alichora kibuyu, alichora kisigino cha mama aliyekaa mbele yake, akirudi nyumbani alichora kwa kijiti kwenye majivu huku ugali unaungua. Hakujua kuueleza utamu wake. Kitu alichokiona miaka yote, akikichora, ndipo kilipokubali kumwambia kilivyo.

Kazi yake ilikuwa kutarizi mashuka na foronya za maharusi, na Karatu nzima ilikuwa imechoka na njiwa wawili wenye maneno "Usiku Mwema". Siku moja mnadani macho yake yakatua kwenye ubavu wa ng'ombe. Chapa. Mistari miwili mitatu tu, lakini iliyokaa vizuri kiasi hicho hata ua likaonekana lina makelele. Akaichora. Akachora na ya ng'ombe wa pili. Alipofika kwa ng'ombe wa mzee Senteu, mwenyewe akamgeukia, amejifunga shuka na fimbo begani.

"Unamfanya nini ng'ombe wangu, yeyo? Niambie, mama."

"Namchora alama yake, mzee. Niitie kwenye kitambaa, kama utaniruhusu."

Senteu alilitazama daftari, akaligeuza, akalitazama tena. "Chora. Karatasi haili majani yangu." Halafu akaongeza, bila kucheka, "Lakini olmishire, chapa hii, ni jina la watu. Ukiandika jina la mtu, ujue unaliandikia nini."

Chapa yake ilikuwa nyepesi kuliko zote: mstari mmoja uliosimama, na upinde uliouinamia kutoka juu, kama mwavuli. Evarista aliitia kwa uzi mweusi pembezoni mwa foronya za biarusi mmoja wa Rhotia, ikatoka vizuri mpaka wanawake wakawa wanakuja kushika tu.

Sasa chini ya mwavuli ule mtu alikuwa amechora upinde wa pili, unaotoka ncha hii, unapita chini ya mstari na kupanda hadi ncha ile. Mwavuli umefungwa, umekuwa yai. Mstari mmoja tu, na chapa imekuwa nyingine.

"Hodi hapa."

Evarista alilifunga daftari na kulikalia. Mlangoni alisimama mzee Tluway, balozi wa nyumba kumi, kofia mkononi.

"Karibu, aako, mzee wangu."

Mzee aliketi kwenye kigoda, akaiokota foronya iliyokuwa juu ya mkeka, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, maana ndani mle hapakuwa na dirisha. "Mama Piusi, nyumba yako ina ng'ombe wengi kuliko zizi langu."

"Hawa wa uzi, mzee. Hawapelekwi josho."

"Wa uzi wana raha. Hawaibiwi." Akairudisha foronya, ameikunja vizuri. "Baba Piusi Jumamosi alilala wapi?"

Jumamosi mchana Valeriani alikuwa ameondoka na gunia tupu, akasema anakwenda Oldeani kutafuta makaa. Alirudi Jumapili bila makaa. Gunia lilikuwa zito, na alipolitua nyuma ya nyumba lililia kama chuma.

"Alilala hapa," akasema Evarista.

Jibu lilitoka laini, bila kukwama popote. Mzee Tluway alimtazama kidogo, akainua kofia, akaenda zake. Ndipo Evarista akaanza kuogopa. Mtu hamfichi asiyekuwa na la kufichwa, na yeye alikuwa amekwisha ficha.

Valeriani alikuwa si mtu wa maneno mengi hata kabla ya vita. Aliporudi kutoka Uganda alirudi na machache zaidi. Alifua bawaba, alifua mapanga, jioni alimbeba Piusi begani akizunguka naye uani, lakini ukimuuliza anawaza nini alisema, "Chuma." Miaka miwili Evarista aliupenda ukimya ule kama mtu anavyopenda kivuli. Asubuhi ile alianza kujiuliza ndani ya kivuli mna nini.

Mume alikuwa amekwenda misheni kupeleka bawaba za mlango. Evarista akamfunga Piusi mgongoni, akachukua daftari, akaenda nyuma kwenye kibanda cha uhunzi. Mivukuto imelala. Fuawe ya kupigia chuma imefunikwa vumbi la kutu. Pembeni, nyuma ya pipa la maji, lilikuwa lile gunia. Akalifunua.

Ndani mlikuwa na vyuma virefu vya springi ya lori bovu, na juu yake kipande kimoja kilichokwisha kufuliwa, kikubwa kama sahani: mstari umesimama, upinde juu, upinde chini. Akaweka daftari kando yake. Vilifanana kama mtu na picha yake.

"Mama yangu," akasema polepole, na Piusi mgongoni akamwitikia kwa lugha yake.

Alirudi jikoni. Uji ulikuwa unachemka. Kwanza aliuchana ule ukurasa peke yake. Lakini aliyezoea kuchora anajua: mkono mzito huacha kovu. Aliuinua ukurasa wa chini yake kwenye mwanga, akauona upinde ule umejichora bila penseli. Kwenye wa tatu pia. Hata kikulabu kilionekana. Angechana mangapi? Basi alilitia daftari lote chini ya sufuria. Lilikataa kidogo, kisha likashika kutoka kwenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Vibuyu vikaenda, kisigino kikaenda, chapa zote za mnadani, gauni alilolibuni kwa ajili ya ubatizo wa Piusi, kazi ya karibu miaka miwili. Aliukoroga uji huku unatokota kwa moto ule. Mtoto alikula akamaliza.

Hakujiuliza kwa nini hakumngoja mume amuulize. Pengine kwa sababu aliogopa angejibu, "Chuma."

Walikuja alasiri, Valeriani akiwa amesharudi na amewasha moto. Mbele mzee Tluway, nyuma yake mgambo mmoja, kisha mzee Senteu na mwanawe Lembris, kijana mrefu ambaye tangu mlangoni alikuwa akiangalia kila pembe ya ua. Jirani, Lusia, alijisogeza kwenye ua akijifanya anaanika mahindi.

"Mama Piusi, leo mna wageni kama wa kipaimara," akasema.

"Karibu ule basi," akajibu Evarista, na Lusia akakumbuka mahindi yake.

Hawakuhitaji kutafuta. Kile kipande kilikuwa juu ya fuawe. Valeriani alikuwa anakipigapiga kukinyoosha. Lembris akakiona. Alikiinua, akakigeuza, uso wake ukabadilika.

"Baba. Hii ni yetu. Mtu ameifunga chini."

Mzee Tluway akasafisha koo. "Valeriani. Chuma hiki ni cha nini?"

"Nondo za dirisha."

"Nyumba yako haina dirisha."

"Ndiyo maana nazitengeneza."

Mgambo akacheka kwa pua. Valeriani hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni ya ngozi, akasema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. "Mke wangu anatarizi amekaa mlangoni, mvua ikija anarudi gizani. Nimemwahidi dirisha tangu tuoane. Lakini ukitoboa ukuta bila nondo, cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake itatoka kwa tundu hilo hilo. Chuma nimekifuata Oldeani, kwenye malori mabovu ya mashamba ya kahawa. Umbo nimelitoa kwenye daftari lake. Nikaongeza mstari chini, kwa sababu bila huo nondo inacheza." Akageuka. "Mama Piusi, waletee daftari waone."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Evarista alimfuata kwa macho mpaka akaingia jikoni.

"Halipo," akasema.

"Liko wapi?"

"Nimelichoma."

Valeriani hakumuuliza kwa nini. Hilo ndilo lililomkata Evarista. Alimwona akielewa, taratibu, kama chuma kinavyobadilika rangi kutoka ncha, halafu akaiweka nyundo chini bila kutoa sauti.

"Wamechoma daftari," akasema Lembris. "Baba, unataka wakuonyeshe nini tena?"

"Nawe, Mama Piusi," akasema mzee Tluway, na alionekana kusikitika kweli, "uliniambia Jumamosi alilala hapa. Mwenyewe anasema alikuwa Oldeani. Nani kati yenu nimwandike kwamba ni mkweli?"

Mgambo alikuwa amekwisha mshika Valeriani mkono juu ya kiwiko. Hakumkaza, alimshika tu, lakini mkono wa mgambo ukishashika mtu, kuondoka kwake ni kazi.

"Nilidanganya mimi," akasema Evarista. "Yeye hakujua. Nipeni nafasi nilirudishe lile lililokuwa kwenye daftari. Nitachora."

"Kuchora kutarudisha ng'ombe?" akauliza Lembris.

"Mwacheni achore," akasema mzee Senteu. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu afike.

Evarista alipiga magoti na mtoto mgongoni, akalisawazisha jivu la kando ya moto kwa kiganja, akaokota msumari. Alichora kwanza chapa ya Senteu, mstari na mwavuli. Hiyo mkono uliijua. Kisha akafika kwenye mstari wa mume wake, na hapo ikambidi mkono wake utembee kwa mwendo wa mkono mwingine, polepole, kwa uzito ule ule. Akagundua jambo. Mstari ule haukuchorwa na mtu mwenye haraka. Ulikuwa na vituo viwili, kama mtu aliyesimama kupima kisha akaendelea. Akamalizia kikulabu, akakitazama. Asubuhi nzima alikiona kama tabia ya mkono, kama mtu anayechechemea. Sasa kilionekana kama ndoana inayongoja kushika kitu.

"Baba Piusi," akauliza bila kuinua kichwa, "ya pili inakaa wapi?"

Sauti ya Valeriani ikatoka kavu: "Ubavuni mwa hiyo. Kichwa chini."

Akaichora ya pili imepinduliwa. Kikulabu cha ya kwanza kikaingia chini ya upinde wa ya pili na kuushika. Akachora ya tatu. Ikashikwa. Ya nne. Hakuna aliyekuwa akimwelekeza tena. Kila umbo lilikuwa linaliita jingine. Mpaka jivu lote likajaa mayai yaliyogawanywa kati kwa mstari, yameshikana mikono, na mzee Tluway, aliyekuwa na mibuni yake mia mbili nyuma ya nyumba, akainama akasema, "Lakini hizi ni buni."

Zilikuwa buni kweli, punje za kahawa kwenye tawi. Evarista alikaa juu ya visigino vyake. Angemuuliza mume asubuhi angeambiwa; lakini sasa alikuwa ameiona kwa mkono wake mwenyewe, na ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya dirisha lake.

"Maua mazuri," akasema Lembris. "Hata mwizi anaweza kujua maua."

Mzee Senteu alichuchumaa. Alikichukua kile kipande cha chuma, akapitisha kidole gumba kwenye upinde wa juu, akashuka wa chini, akarudi alikoanzia. Akafanya hivyo mara mbili. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

"Ero," akamwambia mwanawe, "njoo hapa. Umewahi kuona chapa iliyofungwa pande zote?"

Lembris akasogea, akainama juu ya kile chuma.

"Chapa ina mlango. Ya kwetu, ya wengine, zote, kuna mahali moto unatokea. Ukimchoma ng'ombe kwa hii, ngozi ya ndani inakosa pa kupumulia, inakufa, inadondoka. Anabaki na kidonda kama kikombe, nzi wanakunywa humo. Nani atamnunua?"

"Labda mwizi hajui."

"Mwizi wa ng'ombe anamjua ng'ombe kuliko wewe. Ndiyo maana anao na wewe huna." Akasimama kwa fimbo, akamtazama mgambo mpaka mkono wa mgambo ukakumbuka kushuka. "Mtu wa uzi anafunga, kwa sababu uzi usipofungwa unafumuka. Mtu wa chuma anafunga. Sisi hatufungi. Huyu si mwizi wangu."

Mzee Tluway akavaa kofia, akaivua tena. "Na ule uongo, Mama Piusi. Huo hauna uhusiano na ng'ombe. Nitakuita siku ya mkutano, useme mwenyewe mbele ya watu."

"Nitakuja, aako."

Senteu alimgeukia kabla ya kutoka. "Nilikuambia ni jina, yeyo. Sasa limekwenda mpaka dirishani bila kuniuliza."

"Nisamehe, mzee. Ukisema isiwepo, haitakuwepo."

Alifikiri. "Iwepo. Lakini ng'ombe wangu wakipita barabarani wakasimama hapa kudhani ni kwao, usiwakamue." Akaondoka. Lembris alibaki nyuma kidogo, akachungulia tena nyuma ya pipa, akachungulia ndani ya gunia, kisha akamfuata baba yake. Ng'ombe walikuwa bado hawajapatikana, na macho yake yalisema hivyo njia nzima hadi barabarani.

Valeriani alivuta mivukuto. Makaa yakaamka. Alivuta muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Ulidhani ni mimi," akasema.

"Nilidhani."

"Uliuona mstari, hukuniuliza."

"Nawe uliuchora, hukuniambia."

Akalipima hilo, akaonekana kulikuta na uzito. Lakini alisema, "Mimi nilificha dirisha. Wewe ulinificha mimi kama maiti." Na ndivyo ilivyokuwa.

Evarista alidhani mume ameshamaliza maneno ya mwezi. Ila baadaye Valeriani alichana kipande cha mfuko wa saruji, akakipangusa, akakilaza juu ya fuawe na kuweka penseli juu yake. Hakumtazama. "Vipande kumi na vitano vimebaki. Nilikuwa nafuata daftari. Jivu litapeperuka."

Evarista akasogea. Akachora mstari uliosimama, akachora mwavuli wake, akaishia hapo. Akamnyooshea penseli.

"Wa chini ni wako."

Valeriani aliifuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyokuwa michafu. Alipoinama juu ya karatasi, kitu kikamsimamisha.

"Leo mstari wako haupepesuki," akasema.

"Piusi yuko mgongoni."

Akaguna. Kisha akachora polepole, akasimama kupima, akaendelea, akasimama tena, mpaka akafika kwenye kikulabu.